Hatujambo, Ila Dereva

Vijana wangu, salamu kwanza, maana siku hizi mnaingia kwenye mazungumzo kama mbuzi anavyoingia jikoni, hata hodi hakuna. Mimi ni Bi Zuhura wa Malindi. Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza nilistaafu upigaji chapa katika ofisi moja hapa mjini, nikapewa keki, hotuba ndefu na saa ya ukutani ambayo haijatembea hata siku moja. Mara ya pili nilistaafu kazi ambayo hakuna aliyeniajiri wala jirani aliyepata kuielewa, yaani kutunza vifurushi vya Linux. Safari hiyo keki haikuwapo. Nilipata barua pepe kutoka kwa mashine, ikinijulisha kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha ya watunzaji, na kwamba nisijisumbue kuijibu.

Mwalimu Kadzo wa Kibarani, kule Kilifi, ndiye aliyeniomba niwaandikie. Anasema nyinyi mnaoanza mnajua amri zote kwa moyo, lakini hamjui kazi. Nami nikamwambia amri nimeshazisahau, kwa hivyo kilichobaki kichwani lazima kiwe kazi.

Kwa asiyejua, Linux ni ile programu kuu inayoendesha kompyuta, na watu wa pande zote za dunia huijenga kwa kujitolea. Juu yake kuna maelfu ya programu ndogo, na kila moja hufungwa katika kifurushi. Mtunzaji ndiye anayehakikisha kifurushi kimetimia, kinafunguka, na hakigombani na vifurushi wenzake. Halafu kuna madereva. Dereva ni kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa fulani, kiwe spika, printa au kadi ya wifi. Bila dereva kifaa kipo, lakini ni kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji: anakaa barazani anatabasamu tu.

Mimi nilitunza vifurushi kadhaa na dereva mmoja wa kadi ya wifi, kadi kuukuu ya kwenye laptopu za zamani. Huyo dereva ndiye kisa chenyewe, nitamfikia.

Kwanza mjue kwamba kazi hii haina maneno mazuri ya kuisemea nyumbani. Habari kwamba Bi Zuhura "anarekebisha madereva" ilifika mpaka Mariakani, na siku moja mwenye malori mawili akanipigia simu. "Bi Zuhura, ninaye mmoja hapa ana kichwa kigumu, akishika usukani hasikii la mtu. Nimlete lini?" Nikamwambia wangu hawana miguu. Akanipa pole, akakata simu.

Na wifi ndiyo ilinitia matatani zaidi. Wifi yangu wa kweli, Rukia, dada wa mume wangu, alipita dirishani akanisikia nikisema peke yangu, "Wifi hii haina maana. Kila mara imekatika. Kesho naitoa, naweka nyingine." Rukia hakuingia kwangu mwezi mzima. Mume wangu alipokwenda kumweleza kwamba ile ilikuwa wifi ya kompyuta, akajibu, "Kaka, mimi si mtoto." Mpaka leo akiona taa ya modemu inawaka, huitazama kwa jicho la pembeni.

Ufundi wenyewe nilifunzwa na baba yangu, Mzee Shee, na yeye hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa fundi wa redio, kibanda chake kilikuwa jirani na soko. Nikitoka chuoni ungenikuta nimekaa hapo, napanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa. Mteja akija na redio iliyokufa, baba hakuishika. Alisema, "Pole sana." Halafu alimpa kiti. Halafu alinyamaza.

"Redio yasemaje?" aliuliza baadaye.

"Ah, Mzee Shee, redio salama," mteja alijibu.

Mimi nilicheka. Mtu amebeba redio bubu kutoka Mambrui, jua la saa saba, na bado anasema salama! Baba akanikata jicho. Mteja akanywa maji, akafuta jasho, akasema, "Redio salama kabisa, ila ikishika taarifa ya habari huunguruma, ikishika taarabu haiungurumi." Hapo ndipo baba aliposhika bisibisi.

Mteja alipoondoka, baba akaniambia, "Mwanangu, sisi watu wa pwani ukituuliza hali tutasema njema hata nyumba ikiwa yaungua. Ni adabu. Usimkatize mtu. Ingoje ile *ila*. Likija neno *ila*, hapo ndipo kazi yako ianzapo." Na kweli, lugha yetu ilishafanya hesabu hiyo zamani: ila ni kiungo cha kauli, na ila ni dosari. Kizuri hakikosi ila, walisema wazee, na mimi nawaambia hakuna anayeanza na ila.

Ningeyashika maneno haya, kisa hiki kisingekuwapo. Lakini mtoto wa fundi ndiye mwenye redio mbovu.

Sasa niwaambie nilivyoozwa dereva.

Nilipoanza kuingia kwenye majukwaa ya Linux, nilikuwa sijui kitu. Kompyuta za ofisini kwetu zilikuwa zimebadilishwa, na printa ikakataa kuongea nazo, nami nikaambiwa, "Zuhura, wewe ni mtoto wa fundi, itazame." Basi nikawa nasoma, nauliza, na baada ya muda nikawa najibu. Kila aliyeandika kwamba wifi yake imekatika, mimi nilianza na pole, kama nilivyolelewa. Sasa Kiingereza kina umaskini mmoja: pole na samahani kimezifunga kwenye kitambaa kimoja, neno ni lile lile, sori. Nikawa naandika sori kwa kila mtu. Sori kwa wifi yako. Sori sana kwa siku mbili ulizokaa bila mtandao. Sori na kwa mkeo pia.

Wale watu wa nchi za baridi wakasoma wakaelewa yao. Huyu Zuhura anaomba radhi kila siku, kwa hivyo huyu Zuhura ndiye aliyeharibu. Mmoja akaniandikia, "Kama unajuta kiasi hicho, utaitengeneza lini?"

Aliyekuwa akilinda sehemu ile ya kiini cha Linux, yaani moyo wake hasa, aliitwa Bwana Wendel. Sijapata kumwona uso. Alikuwa mtu wa sentensi fupi, zisizo na salamu mwanzo wala kwaheri mwisho. Akaandika mbele ya watu wote: dereva huyu hana mtunzaji, lakini kuna mtu mmoja anayemwombea radhi kila siku. Napendekeza mtu huyo awe mtunzaji. Mwenye pingamizi aseme.

Mimi nikaona haya. Nilitaka kuandika kwamba pole si kukiri kosa, lakini Kiingereza changu kilikuwa kile cha kupigia chapa barua za ofisi, hakikutosha kueleza adabu za watu. Nikanyamaza. Na nyinyi mnajua kwetu bikira akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Baada ya wiki jina langu likaandikwa. Nilipomweleza mume wangu, alikaa kitako akasema, "Kumbe mke wangu ameozwa dereva, na mahari sijaona."

Nilikaa naye huyo dereva miaka mingi kuliko nilivyokaa na printa, na sikujuta. Nilijifunza mambo, na machache nawapa hapa bila mpango.

Usiamini jina lililobandikwa ubavuni mwa kompyuta. Kiwanda huweka kadi hii Jumatatu na kadi nyingine Jumanne, stika ikabaki ile ile. Iulize kadi yenyewe namba yake, haiwezi kudanganya. Mwenye chupa ya mafuta ya taa iliyoandikwa samli anajua ninachosema.

Kompyuta ikitapika makosa mistari mia, soma kosa la kwanza. Yaliyobaki ni waombolezaji.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na mashine ikapona, hujaitibu, umebahatisha, na siku ikiugua tena utakuwa huna dawa.

Na usipeleke kifurushi hewani Alhamisi ukaenda arusini. Hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa na kifurushi cha sauti, ndani yake mna faili dogo lenye jina lisilo na maana, herufi na tarakimu zilizokorogwa. Nikasema hii ni takataka ya aliyenitangulia. Nikaifuta, nikapeleka kifurushi kipya, nikapanda gari kwenda Mambrui kwenye arusi ya siku tatu. Niliporudi na hina mikononi, nikakuta laptopu za aina fulani ni mabubu dunia nzima. Mzee mmoja aliandika kwamba amempigia binti yake simu ya video, akamwona analia, asijue analilia nini. Lile faili la takataka ndilo lililokuwa likiziambia laptopu hizo spika iko upande gani. Tangu siku hiyo sifuti kilichoachwa na mwenzangu mpaka nijue alikiweka kwa ajili ya nani. Yashikeni haya, kuna mtu atayasahau mbele ya safari.

Nyinyi mmekuta mambo laini. Sisi tulishusha programu kwa mtandao wa saiba hapa Malindi, ukianza Jumamosi unamaliza Jumamosi nyingine, na umeme ukikatika unaanza upya na Fatiha. Siku hizi mna roboti. Roboti huandika kiraka, yaani marekebisho ya programu, roboti wa pili hukipima, roboti wa tatu hukikataa, na mwanadamu hupelekewa nakala ili ajisikie yumo. Na fulana! Nimekutana na kijana mwenye fulana tano za mikutano ya programu huria, laptopu yake haionekani rangi kwa stika, nikamuuliza, "Mwanangu, wewe unatunza nini?" Akasema anatunza jamii. Nikamuuliza jamii hiyo ina hitilafu ngapi zilizo wazi. Hakunielewa.

Basi. Nilikuwa nimeshaamua kustaafu. Macho yamechoka, na laptopu yangu ya mwisho yenye kadi ile ilikuwa imemwagikiwa mchuzi wa nazi. Hapo ikaja barua ya Bwana Wendel, kavu kama kawaida yake. Dereva huyu, aliandika, hana lalamiko hata moja kwa miaka kadhaa. Dereva asiyelalamikiwa hana watumiaji. Mtunzaji wake anaondoka na hana tena kifaa cha kumjaribia. Nitamfuta katika toleo lijalo, isipokuwa ndani ya wiki mbili watokee watu wanaomtumia.

Nikacheka mwanzo. Dereva asiyelalamikiwa! Mwenye malori wa Mariakani angemlipia huyo.

Halafu nikakumbuka Kibarani.

Miaka ya nyuma wafadhili walileta laptopu kumi na nane zilizochoka, na mimi mwenyewe nilikwenda nikazitia Linux, katika chumba kimoja cha mwisho cha shule. Mwalimu Kadzo alikuwa kijana wakati huo, mwenye nguo safi na sauti ya kuamrisha. Akaanzisha darasa la watu wazima: mafundi cherehani, wauza samaki, mama aliyeachishwa shule darasa la sita. Pale ndipo walipojifunza kuandika barua ya kazi, kuomba vyeti vya watoto, kujisajili mitihani, bila kwenda kupanga foleni na kudanganywa. Na kila laptopu ya pale ilikuwa na kadi ile, wala haikuwa na tundu zima la waya. Dereva akifutwa, siku watakayoweka toleo jipya zote kumi na nane zinakuwa viziwi. Na kubaki na toleo la zamani huwezi milele, maana tovuti zenyewe zinakukataa.

Ila kubwa ilikuwa chumba. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Karisa, alikuwa amekitamani kwa muda mrefu. Kamati ina viti vya plastiki vya kukodisha kwenye arusi na matanga, na viti havina mahali pa kulala. "Viti haviombi mtandao," alikuwa akisema. Makubaliano yalikuwa kwamba mtandao ukifa, darasa linakufa, viti vinaingia.

Nikampigia Mwalimu Kadzo. Nikamweleza. Nikamwambia, waambie wanafunzi wako kila mmoja aandike kwa Bwana Wendel, wajitokeze, waseme wapo.

"Bi Zuhura, usitie shaka," akasema. "Kesho utaziona."

Na kesho yake nikaziona. Barua kumi na nane, za Kiingereza safi cha darasani. Kila moja ilianza kwa kumwombea Bwana Wendel afya, yeye na familia yake na majirani zake. Kila moja ilisema: sisi hatujambo, kompyuta zetu hazijambo, mtandao haujambo, tunatumai nawe hujambo. Kila moja ilimaliza kwa kumshukuru Mungu.

Nilishika kichwa. Adabu tupu, na kila neno lilikuwa kamba ya kumnyongea dereva.

Bwana Wendel alijibu siku ile ile. Nimepokea barua kumi na nane kutoka mahali pamoja, kwa maneno yale yale, na hakuna hata moja inayosema kitu. Ama zimeandikwa na mashine, ama watu hawa hawana haja yoyote. Kwa vyovyote, dereva anaondoka.

Mwalimu Kadzo akanipigia, sauti imeshuka. "Bi Zuhura, tumemkosea nini yule baba? Mbona tumemwandikia vizuri?"

Vijana, siku ile niliumia, na nawaambia wazi kwa nini. Hasira zangu hazikuwa kwa Wendel. Miaka yote ile, kila mwezi, nilikuwa nampigia Mwalimu Kadzo: "Mashine zasemaje?" Naye: "Salama, Bi Zuhura." Nami: "Alhamdulillahi," nakata simu, narudi kwenye mchuzi wangu. Sikungoja hata mara moja. Binti wa Mzee Shee, aliyekulia kwenye kile kibanda, alikuwa akikata simu kabla ya ila.

Asubuhi yake nikaenda Kilifi. Mlangoni pa darasa nikamkuta Mzee Karisa na futi ya kupimia, anahesabu viti vitaingia vingapi. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri sana, akaendelea kupima.

Ndani walikuwa wamekaa wote, kama matangani. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita. Nikawaambia, "Poleni."

"Tumeshapoa," wakaitikia.

Nikavuta kiti, nikakaa. "Kompyuta zasemaje?"

"Salama!" Darasa zima, kwa sauti moja.

Nikanyamaza. Mwalimu Kadzo akanitazama. Nikazidi kunyamaza. Mtu mmoja akakohoa. Nje Mzee Karisa akahesabu, "Arubaini na mbili, arubaini na tatu." Nyuma kabisa kulikuwa na mama mmoja mwenye leso ya zambarau, muuza samaki, jina lake Mama Sidi. Akainua mkono nusu.

"Salama," akasema, "ila..."

"Ila nini, mama?"

"Ila ukifunga kifuniko, wifi hulala haiamki tena. Mpaka utoe betri, uhesabu mpaka kumi, uirudishe."

"Ishirini!" akasema mwingine. "Yangu yataka ishirini."

"Yangu haihesabiwi, hulazwa kifudifudi."

Hapo ndipo nilipoinua macho ukutani. Kulikuwa na karatasi kubwa, mwandiko wa Mwalimu Kadzo, imefifia kwa miaka: SHERIA ZA DARASA. Ya kwanza, vua viatu. Ya pili, usile hapa. Ya tatu, USIFUNGE KOMPYUTA KAMWE.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii sheria ya tatu ni ya tangu lini?"

"Tangu uzilete, Bi Zuhura."

"Na hukuniambia?"

Akashangaa kweli. "Nilidhani ndivyo zilivyoumbwa. Kulalamikia kitu cha kupewa nako si vizuri."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Miaka yote hiyo watu wazima wanahesabu mpaka kumi na betri mkononi, na mimi Malindi naitwa mtunzaji.

Nikafungua moja ya laptopu zile, nikafunga kifuniko, nikafungua, nikasoma kosa la kwanza. Wala halikuwa jambo kubwa. Kompyuta ikiamka, dereva huibishia kadi hodi. Lakini kadi ile ina usingizi mzito, haijajinyoosha. Dereva akiona kimya, hukata tamaa papo hapo, huandika kwamba hakuna kadi, hulala yeye. Hodi moja tu! Sasa ni mtu gani aliyelelewa vizuri hupiga hodi moja akaondoka? Kiraka changu kilikuwa mistari michache: piga hodi, subiri kidogo, piga tena, subiri, piga ya tatu. Usipoitikiwa, nenda zako. Nikakitia katika laptopu zote kumi na nane.

Darasa zima likafunga vifuniko kwa pamoja. Wengine walifumba na macho. Wakafungua. Kumi na saba zikaamka na mtandao. Ya kumi na nane ilikuwa haina betri, mwenyewe alikuwa ameishika mkononi kwa mazoea; akairudisha, tukaijaribu, nayo ikaamka.

Safari hii niliwakataza salamu. Kila mtu akaandika jina lake, namba ya kadi, na yote yanayokuja baada ya ila. Mama Sidi aliona aibu kumwandikia mtu asiyemjua bila kumuuliza hali, ikabidi nimshike mkono. Ziliruka barua kumi na nane za malalamiko, na Mwalimu Kadzo alizisoma moja moja kama anayeona watoto wake wakitukana hadharani.

Bwana Wendel hakujibu siku ya kwanza, wala ya pili. Mzee Karisa akaja na viti sita vya mfano, akavipanga ukutani, kuona tu, alisema. Siku ya tatu jibu likaja. Kwa nini hodi tatu, aliuliza, si mbili wala tano? Alitaka sababu, namba haziandikwi ovyo.

Wenzangu wa zamani wangempelekea jedwali la vipimo. Mimi nikamwandikia kwamba kwetu hodi ni tatu. Moja hukusikiwa, mbili anavaa, tatu hayupo au hakutaki. Na kwamba nimeipima kwa kadi kumi na nane na hakuna iliyohitaji ya nne.

Akakipokea kiraka. Na pembeni ya namba tatu, ndani ya msimbo wa kiini, aliacha maelezo niliyoyaweka kwa Kiswahili: hodi ya tatu ndiyo ya mwisho. Yako mpaka leo. Halafu akaandika sentensi yake ndefu kuliko zote nilizopata kuona kwake. Dereva mwenye malalamiko kumi na manane katika siku moja ndiye dereva mwenye watumiaji wengi kuliko wote ninaowalinda. Abaki. Nani anamrithi Zuhura?

Nikamtazama Mwalimu Kadzo. Akatazama chini. Akanyamaza. Nikasema kimoyomoyo, Alhamdulillahi, bibi arusi ameridhia, nikaandika jina lake kabla hajatafuta maneno.

Basi mimi nikatoka kazini kwa mara ya pili. Viti vya Mzee Karisa vililala nje chini ya turubai, na vile sita vya mfano vilibaki darasani kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuvitoa. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa Kibarani, nimekwenda kula tu, ndipo ilipoingia barua ya kwanza ya Bwana Wendel kwa mtunzaji mpya. Kwa mara ya kwanza alitanguliza salamu. Aliuliza, dereva anaendeleaje?

Mwalimu Kadzo, kwa haraka, kwa adabu, kabla sijamshika mkono, akajibu: Salama, tunashukuru.

Nikafumba macho. Tukakaa mbele ya ile kompyuta, tukingoja. Mama Sidi naye akaja akasimama nyuma yetu.

Jibu lilikuja likiwa neno moja, na halikuwa la Kiingereza. Sijui alilitafuta wapi, au alikuwa amehesabu tu neno gani lilirudiwa zaidi katika zile barua za pili, ambazo Mama Sidi na wenzake walichanganya lugha kila Kiingereza kilipowaishia.

*Ila?*

Mwalimu Kadzo akavuta kiti kimoja cha arusi, akakaa, akaanza kuandika.